TUKIWA WATATU UWANJANI
Jinsi tulivyojifunza upya mchezo tuliodhani tunaujua



Katika ziara zetu za robo mwaka, wajumbe wa kamati wametuuliza zaidi ya mara moja vijana wanafanya nini hasa wanapokaa saa nzima mbele ya luninga wameshika pedi za kuchezea, na kama kuna chochote wanachokipata hapo. Hatuwezi kuisemea michezo yote. Upo mmoja tunaoufahamu kwa karibu kwa sababu tumeucheza wenyewe, tukashinda, tukashindwa, na mara nyingine tukanuniana mezani. Katika makala hii tunapenda kueleza jinsi mchezo huo unavyochezwa, na hasa yaliyotupata tulipotoka kwenye aina ya mechi tuliyoizoea na kuingia kwenye aina nyingine ya mchezo huo huo ambayo hatukuijua. Wale ambao vijana wao wanacheza watapata mahali pa kuanzia mazungumzo. Wale wanaocheza wenyewe (nao wapo, hata ndani ya kamati) huenda wakapunguziwa miezi kadhaa ya kufungwa.

Mchezo wenyewe

Mchezo unaitwa Rocket League. Ulitengenezwa na kampuni ya Psyonix ya San Diego, Marekani, ukatolewa tarehe 7 Julai 2015. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Epic Games mwaka 2019, na tangu Septemba 2020 mchezo hupatikana bila malipo. Kinachouzwa ndani yake ni mapambo: rangi, magurudumu, magari ya sura mbalimbali. Mzazi anayeulizwa namba ya kadi ya benki ajue kwamba mapambo hayo hayamwongezei mchezaji uwezo wowote uwanjani.

Ni mpira wa miguu unaochezwa na magari. Mpira ni mkubwa kuliko gari, na gari huupiga kwa kuugonga. Uwanja umezungushiwa kuta na kufunikwa dari, kwa hiyo mpira hautoki nje. Hakuna kurusha, hakuna kona, hakuna kuotea wala refa. Gari linaweza kupanda ukutani, kuruka, kubiringika, na kwa kuwasha roketi iliyo nyuma yake linaweza kupaa na kuufuata mpira hewani. Mechi ni dakika 5. Saa ikifika sifuri mchezo haukatiki papo hapo, bali huendelea mpaka mpira uguse ardhi. Timu zikiwa sare, huongezwa muda usio na kikomo mpaka lipatikane bao la kwanza.

Jambo la kuelewa mapema ni mafuta. Roketi hutumia mafuta yanayopimwa kuanzia 0 hadi 100. Mpira unapoanzishwa katikati kila gari huwa na 33. Tanki lililojaa, likitumika mfululizo, huisha kwa sekunde 3 hivi. Uwanjani kuna vituo 34 vya kujazia: vikubwa 6, ambavyo kila kimoja hujaza tanki lote, na vidogo 28, ambavyo kila kimoja hutoa 12. Vikubwa viko kwenye pembe nne za uwanja na pande mbili za katikati. Kituo kikubwa kikishachukuliwa hukaa sekunde 10 kabla ya kujaa tena, na kidogo hukaa sekunde 4. Hesabu hii tutairudia, maana ndiyo iliyotuponza.

Mechi za ushindani ziko za aina kadhaa, na tatu ndizo za msingi: mmoja kwa mmoja, wawili kwa wawili, na watatu kwa watatu. Mashindano makubwa ya dunia ya mchezo huu, tangu yale ya kwanza yaliyofanyika Los Angeles mwaka 2016, yamejengwa juu ya timu za watu watatu, na kuanzia msimu wa 2021-22 timu za Afrika kusini mwa Sahara zilipewa kanda yao. Madaraja ya wachezaji yanaanzia Shaba, yakaja Fedha, Dhahabu, Platinamu, Almasi, na mengine juu ya hayo. Kila aina ya mechi ina daraja lake. Mtu anaweza kuwa Almasi akicheza wawili wawili na bado akahesabiwa mgeni kabisa akiingia watatu watatu, akapimwa upya kwa mechi 10 za mwanzo. Tulipousoma utaratibu huo tuliuona kama usumbufu. Baadaye tuliona kwamba waliouweka walikuwa na sababu.

Timu yetu

Nyumbani kwetu timu ilikuwa ya watu wawili, baba na mwana. Mwana alikuwa kidato cha pili. Baba ni huyu anayeandika. Tulikuwa na PlayStation 4 moja na luninga moja, ambayo mchezo huu huigawa vipande viwili ili watu wawili wacheze kwa pamoja. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu tulicheza wawili kwa wawili, tukafika Platinamu, na tukajiona tumeiva.

Katika likizo ya Juni 2024 akaongezeka wa tatu, binti wa jirani, kidato cha nne. Alicheza kwao kwenye kompyuta ya baba yake, akaungana nasi kwa intaneti, kwani mchezo huu unaruhusu wenye kompyuta na wenye PlayStation kuwa timu moja. Mama yake alitoa ruhusa kwa masharti: likizo ikiisha ni Jumamosi tu, saa moja tu, na mtihani wa taifa Novemba. Kwa hiyo saa ile moja ilikuwa na thamani. Mechi ni dakika 5, lakini ukijumlisha kusubiri, marudio ya mabao na kuunganishwa, saa moja haizidi mechi saba au nane.

Tukaingia watatu kwa watatu. Katika mechi 10 za kupimwa tulishinda 2. Tukawekwa Fedha.

Sisi wawili wa nyumbani tulishika jibu lililokuwa karibu. Tulipokuwa wawili tulishinda, tumeongeza mtu mmoja tumeanza kufungwa, basi kasoro iko kwa aliyeongezeka. Tena tulikuwa na ushahidi wa macho. Tulimwona mara nyingi amekaa mbali na mpira, nyuma ya mstari wa kati, sisi tukihangaika mbele. Tulisema anaogopa mpira. Hatukumwambia wazi, lakini watoto wanasikia hata yasiyosemwa, na kipaza sauti hakikuwa kimezimwa kila mara tulipodhani kimezimwa. Jumamosi moja baada ya kufungwa 6 kwa 0 alisema kwa adabu kabisa: "Baba, nadhani niwaache mcheze wawili kama zamani. Nawaharibia."

Mwana akajibu kwamba asiondoke, kwanza tuangalie marudio ya mechi ili tumwonyeshe makosa yake. Mchezo unahifadhi mechi nzima, nawe unaweza kuitazama upya kutoka juu kama mtu aliyekaa juu ya mti pembeni ya uwanja, au kutoka ndani ya gari la mchezaji yeyote, hata la mpinzani. Tukatazama bao la kwanza, la pili, la tatu. Katika mabao manne kati ya yale sita picha ilikuwa ileile: magari mawili ya timu yetu yameufuata mpira mmoja, yamegongana, mpira umepita, na nyuma yupo binti peke yake dhidi ya watu watatu. Magari mawili yale yalikuwa ya kwetu, baba na mwana. Chumba kilikuwa kimya. Yeye, alikokuwa, hakusema neno.

Kilichokuwa kinatokea ni kwamba hatukuwa tunacheza watatu. Tulikuwa tunacheza wawili kama siku zote, na mtu mmoja wa ziada tumemwacha abaki na matokeo.

Kwa nini wawili si watatu

Ukicheza wawili kwa wawili, mpira ni wako kwa nusu ya kazi. Mwenzako akiupiga na kukosa, lazima wewe uwe tayari, na wewe ukiupiga mara nyingi unaweza kuufuata tena mwenyewe, kwa sababu mwenzako yuko golini na uwanja una nafasi. Mchezaji wa wawili wawili hujengeka hivi: ana haraka, hamwachii mtu mpira, anapiga na kufuata, na kila anapopata upenyo hukimbilia pembeni kujaza tanki. Tabia hizo zilitufikisha Platinamu. Hazikuwa mbaya.

Wakiwa watatu kila upande, magari ni sita kwenye uwanja ule ule. Nafasi imepungua, na mpira ukiupiga ovyo karibu kila mara unamkuta mpinzani. Muda wako wa kuwa na mpira umeshuka hadi theluthi moja kwa hesabu ya kawaida, na kwa kweli ni pungufu ya hapo. Theluthi mbili zilizobaki hugusi chochote, ila pale ulipo ndipo panapoamua mechi. Msomaji aliyewahi kucheza chandimu utotoni anakumbuka watoto kumi na watano wakiuzingira mpira kama nyuki, vumbi limetimka, na yule mmoja mwerevu amesimama pembeni akisubiri utoke. Sisi tulikuwa ni wale wa ndani ya vumbi.

Wachezaji wa mchezo huu huwaita watu watatu kwa namba, na namba hizo si za kudumu kama jezi. Wa kwanza ni yule aliye na mpira au anayemkabili mwenye mpira. Wa pili yuko nyuma yake kidogo, karibu na katikati, tayari kwa pasi au kwa mpira uliokosewa. Wa tatu yuko nyuma zaidi, anayaona yote, na kazi yake ni kuhakikisha mpira mrefu wa kushtukiza haupiti. Wa kwanza akishagusa mpira anatoka. Wa pili anakuwa wa kwanza, wa tatu anakuwa wa pili, na yule aliyetoka anazunguka nyuma kuwa wa tatu. Huo ndio mzunguko.

Kuujua kwa maneno kulituchukua dakika kumi. Kuufanya kulichukua mpaka Septemba, na kulikwama mahali pamoja: kutoka. Ukishaupiga mpira, mkono unataka kugeuza gari uufuate. Unauona pale, mita chache, na unaamini kabisa kwamba wewe ndiye uliye karibu. Mara nyingi ni kweli uko karibu. Tatizo ni kwamba umeupa mgongo mwelekeo sahihi, huna mwendo, huna mafuta, na mwenzako ambaye ameshaanza kuja kwa kasi anakukuta njiani. Tulijiwekea amri ya ajabu kidogo: ukigusa mpira mara moja, usiutazame tena mpaka uwe umepita mstari wa kati kurudi nyuma. Mwana aliweza kwa wiki mbili. Mzee wa timu alihitaji muda zaidi.

Njia ya kurudia

Kuna jambo ambalo hatukuelezwa na mtu, tukalijua kwa kulipia. Kurudi nyuma kuna njia yake. Ukishambulia upande wa kushoto, rudi kwa kupitia kulia, uelekee nguzo ya goli lako iliyo mbali na mpira. Tulikuwa tunarudi kwa njia fupi, moja kwa moja kwenye nguzo iliyo karibu na mpira.

Njia fupi ina hasara tatu kwa pamoja. Kwanza unakatiza mbele ya mwenzako anayekuja kuukabili mpira, na mnagongana au anafunga breki. Pili, ukiufikia mpira ukiwa unaelekea golini kwako, ukiugusa vibaya unajifunga. Nasi tumejifunga kiasi ambacho tungependa kisiandikwe. Tatu, ukifika kwenye nguzo ya karibu, mpira ukipigwa kuvuka mbele ya goli unakupita mgongoni na huwezi kugeuka kwa wakati.

Ukienda nguzo ya mbali unafika umechelewa sekunde moja hivi, lakini unafika ukiwa umetazama uwanja mzima: mpira uko mbele yako, wenzako wako mbele yako, wapinzani pia, na gari lako limeshaanza kuelekea mbele. Golikipa yeyote wa mtaani anajua tofauti ya kudaka mpira unaokuja usoni na mpira unaopita begani.

Wa tatu naye ana kishawishi chake, nacho ni kuingia golini na kukaa humo. Wawili wawili hilo linaeleweka, kwani nyuma hakuna mtu mwingine. Wakiwa watatu, anayekaa golini wakati wenzake wanashambulia anaacha pengo la nusu uwanja, na kila mpira unaoondolewa na wapinzani unadondokea kwenye pengo hilo wakiwa peke yao. Pale pale binti alipokuwa anakaa, nyuma kidogo ya mstari wa kati, ndipo panapotakiwa. Sisi ndio tuliopaita woga.

Hesabu ya mafuta

Turudi kwenye vituo. Vikubwa ni 6, na magari ni 6. Wakiwa wanne uwanjani kila mtu anaweza kupata tanki zima mara kwa mara bila kumnyima mwenzake. Wakiwa sita, unapokatiza uwanja kwenda pembeni kuchukua 100, kwa kawaida unafanya mambo mawili mabaya kwa wakati mmoja: umeacha nafasi yako, na umemchukulia mwenzako kituo ambacho kilikuwa njiani mwake.

Dawa yake ni vile vidogo. Vitatu ni 36, zaidi ya kile mnachoanza nacho katikati. Vimetandazwa karibu uwanja mzima, vingi vikiwa kwenye njia ambazo mchezaji anayerudi vizuri atapita hata hivyo. Tulichora uwanja kwenye karatasi ya manila, tukatia alama vituo vyote 34, tukaibandika ukutani karibu na luninga. Mama mwenye nyumba aliuliza kama ni ramani ya mradi wa maji. Kisha tukacheza mechi kadhaa kwa sharti kwamba hakuna kugusa kituo kikubwa isipokuwa uko juu yake tayari. Mechi mbili za kwanza tulikuwa kama watu waliokatiwa umeme. Baada ya hapo tuligundua kwamba mafuta 40 yanatosha kwa karibu kila kitu ambacho wachezaji wa kiwango chetu wanaweza kukifanya. Aidha, kubiringika mbele kunaongeza mwendo bila kutumia mafuta yoyote.

Mpira unapoanzishwa

Mpira wa kuanzia kati ulitupotezea mabao ya kijinga. Tukiwa wawili, mmoja huenda na mwingine anakaa au anachukua mafuta. Watatu walitushinda kwa sababu mara nyingine wawili hupangwa katika nafasi zilizo sawa kwa umbali, mmoja kushoto na mmoja kulia, na wote wanaondoka. Wachezaji wengi duniani wana mapatano kwamba aliye kushoto ndiye anayekwenda. Hayajaandikwa kwenye kanuni yoyote, na ukikutana na wageni si wote wanaoyafuata, lakini ninyi kwa ninyi mkikubaliana yanatosha. Mmoja anauendea mpira, wa pili anasogea nyuma yake taratibu ili audake ukitoka, wa tatu anachukua mafuta ya pembeni na kulinda. Hilo tulilirekebisha kwa siku moja. Laiti mengine yangekuwa hivyo.

Maneno matatu

Hapa tulikutana na shida ambayo hatudhani imeandikwa popote. Mchezo unakwenda kwa sehemu za sekunde, na mtu wa tatu ndiye anayeona kila kitu, kwa hiyo ndiye anayepaswa kuongoza kwa sauti. Wa tatu wetu alikuwa binti wa miaka kumi na saba akizungumza na rafiki wa baba yake. Alipoona tunakwenda wawili kwenye mpira mmoja alikuwa anaanza: "Baba samahani, naomba huo uniachie..." na kabla hajamaliza bao limeingia. Mwana alikuwa na shida hiyo hiyo kwa kiasi, ingawa yeye alikuwa akiitatua kwa kunyamaza.

Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mzee "Toka!" na sisi hatukutaka aache kulelewa vizuri. Tukakaa tukakubaliana maneno matatu ambayo uwanjani yasihesabiwe kuwa ni ya mtu kwa mtu. "Wangu" maana yake naenda mimi, kila mmoja apishe. "Nipo" maana yake niko nyuma yako, cheza bila hofu. "Nje" maana yake umeshagusa, zunguka urudi. Shikamoo inatolewa kabla ya mechi na heshima zote zinarudi baada yake. Wiki ya kwanza alilisema neno "nje" kwa sauti ya kuomba radhi. Kufika Agosti alikuwa analisema kama kondakta wa daladala, na mzee alikuwa anatoka.

Inafaa kueleza pia kuhusu maneno ya wageni. Mchezo una ujumbe mfupi uliotayarishwa ambao mchezaji hutuma kwa kubonyeza vitufe, wa kupongeza kupiga vizuri au kuokoa vizuri. Vijana wengi huutumia kwa kejeli: umefungwa bao la aibu, mpinzani anakupongeza kwa kuokoa, mara tatu mfululizo. Mtu mzima anacheka. Kijana aliyeambiwa wiki nzima kwamba yeye ndiye kasoro hachekeshwi. Ujumbe huo unaweza kuzimwa kwenye mipangilio, nasi tuliuzima. Tunawashauri wazazi wafanye hivyo mapema bila kusubiri malalamiko.

Daftari

Tulianza kuandika. Si takwimu za kitaalamu, ni daftari la kurasa 48. Baada ya kila mechi tuliyofungwa tulitazama marudio ya mabao tu, tukaandika kila bao lilitokana na nini, kwa neno moja: wawili kwenye mpira mmoja, hakuna mtu nyuma, kujifunga, mpinzani amecheza vizuri. Hili la mwisho tuliliweka kwa kusisitiza kwa binti, naye alikuwa sahihi, maana bila hilo kila bao linakuwa la kutafutiwa mkosaji. Katika kurasa za kwanza zaidi ya nusu ni wawili kwenye mpira mmoja. Kurasa za Oktoba neno hilo limepungua sana, na lililojaa ni la wapinzani kucheza vizuri.

Tulijifunza vilevile tusirekebishe mambo mawili kwa Jumamosi moja. Tukisema leo ni kutoka baada ya kugusa, basi ni hilo tu, hata kama tunafungwa kwa mengine.

Mtandao

Wapo watakaosema matatizo ya mchezaji wa huku kwetu ni intaneti. Ni kweli kwa sehemu. Mchezo hauna seva Afrika Mashariki. Wa kwetu huchagua kati ya Afrika Kusini, Mashariki ya Kati na Ulaya, na kila ishara inasafiri chini ya bahari kwenda na kurudi. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, hata barua pepe za ofisini zilikwama, sembuse mchezo. Siku za kawaida mpira tunaouona kwenye kioo umechelewa kidogo kuliko ule ulioko kwenye seva, na anayetaka kuugusa mpira hewani kwa ustadi mkubwa ataumia kwa hilo.

Hata hivyo, ucheleweshaji huo haumzuii mtu kusimama mahali sahihi. Aliye nyuma ya mstari wa kati, ametazama mbele, ana mafuta 40, anaweza kuchelewa kidogo na bado akauwahi. Aliye ndani ya vumbi hawezi. Kwa maana hiyo mchezo wa watatu unamfaa mtu wa mtandao dhaifu kuliko ule wa wawili, mradi akubali kuucheza kama wa watatu. Tulianza pia kujaribu seva zote tatu kabla ya saa ya binti kuanza, ili dakika zake zisiishie kwenye majaribio.

Tulipofika

Mpaka wiki ya mwisho kabla ya binti kuweka pedi chini kwa ajili ya mtihani, tulikuwa tumepanda kutoka Fedha hadi daraja la juu la Dhahabu. Platinamu hatukuifikia. Wachezaji wazuri wakisoma haya watacheka, na wana haki. Mechi ya mwisho ilikwenda muda wa nyongeza, na bao lilifungwa na yeye, kwa mpira ambao baba aliuacha upite. Aliuacha kwa makusudi, na daftari linathibitisha.

Julai 2025 alikwenda kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa mwingine. Akirudi likizo anapita kusalimia na tunacheza. Siku nyingine sisi wawili tumerudi kwenye mechi zetu za zamani za wawili kwa wawili. Mechi ya kwanza kabisa tuliyocheza baada ya yeye kuondoka, mwana aligusa mpira akatoka, baba akagusa akatoka, tukazunguka vizuri wote wawili kupitia njia ndefu, tukakutana kwenye nguzo ya mbali tukiwa tumetazama mbele, na katikati ya uwanja mpira ulikuwa umekaa peke yake ukimsubiri wa tatu. Wapinzani wakaufuata taratibu wakafunga.